Je, Malta ilitetewa na ndege tatu tu? Jibu kuhusu Gladiator na mafundi wake

SWALI: Msomaji wa Tanga anauliza: "Nimesikia kwamba mwaka 1940 kisiwa cha Malta kilijitetea dhidi ya Waitaliano kwa ndege tatu tu za kizamani, zile zenye mabawa mawili yaliyopandana, na kwamba ziliitwa Imani, Tumaini na Upendo. Ni kweli? Na ndege za namna hiyo ziliwezaje kupigana wakati ndege za kisasa za bawa moja zilikuwa zimeshatengenezwa?"

JIBU: Ndugu yangu, ulichosikia kina ukweli ndani yake, ila kimepunguzwa huku na kupambwa kule. Ndege zilikuwepo. Zilikuwa Gloster Sea Gladiator, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya wanamaji wa Uingereza, na zilipanda angani kuikabili Italia tangu siku ya kwanza ya mashambulizi, tarehe 11 Juni 1940. Lakini hazikuwa tatu tu. Ziliunganishwa na kurushwa zaidi ya tatu kwa nyakati tofauti. Tatu ndiyo idadi ambayo mara nyingi iliweza kuwa tayari kwa wakati mmoja, na kuna siku hata hizo tatu hazikupatikana. Majina ya Imani, Tumaini na Upendo yametoka katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, na yalienea baadaye, mapigano ya miezi ile yakiwa yameshapita.

Hesabu hiyo hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba hadithi ya ndege tatu humwacha msikilizaji na picha ya marubani watatu mashujaa na anga tupu, kana kwamba ndege hujitia mafuta na risasi zenyewe. Swali lako la pili, ziliwezaje kupigana, haliwezi kujibiwa bila kuwataja watu waliobaki chini.

Tuanze na ndege yenyewe. Gladiator ilibuniwa na Henry Folland wa kampuni ya Gloster, Uingereza. Mfano wa kwanza uliruka Septemba 1934, na kikosi cha kwanza kuipokea, Kikosi namba 72, kiliipata mapema mwaka 1937. Injini yake ilikuwa Bristol Mercury, yenye silinda tisa zilizopangwa duara na kupozwa na upepo, ikitoa nguvu farasi zaidi ya 800. Ilibeba rashasha nne: mbili ubavuni mwa rubani, mbili chini ya mabawa ya chini. Kasi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 400 kwa saa. Sasa linganisha tarehe: Hurricane, ndege ya bawa moja iliyoipita kwa mbali, iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935. Kwa hiyo Gladiator ilipoingia vikosini, mrithi wake alikuwa ameshazaliwa.

Mabawa mawili yalikuwa na sababu nzuri kabisa. Katika miaka ya mwanzo ya urubani injini zilikuwa dhaifu na bawa lilikuwa la mbao na kitambaa. Bawa moja refu la namna hiyo lingejipinda. Lakini ukiweka mabawa mawili mafupi, moja juu ya jingine, ukayaunganisha kwa mihimili na nyaya zilizokazwa mshazari, unapata kiunzi cha sanduku, chepesi na kigumu kwa pamoja. Nyaya hizo hufanya kazi ya kamba zinazoushikilia mlingoti wa jahazi: kila moja inavuta kwake, na mlingoti unabaki wima. Kufikia Gladiator kiunzi kilikuwa cha chuma, ila mabawa na sehemu ya nyuma ya mwili bado vilivikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukaza.

Faida yake ni kwamba ndege ya tani mbili inapata eneo kubwa la mabawa. Inaruka kwenye uwanja mfupi, inatua polepole, na inakata kona kali ambayo ndege ya bawa moja haiwezi kuifuata. Hasara yake ni kwamba kila mhimili na kila waya hukamatwa na upepo. Unaweza kuongeza nguvu ya injini, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo itaishia kuzisukuma nyaya zako mwenyewe.

Hasara hiyo ilionekana mapema Malta. Ndege ya Kiitaliano ya kudondosha mabomu, Savoia-Marchetti SM.79 yenye injini tatu, ilikuwa na kasi kuliko Sea Gladiator iliyotumwa kuikimbiza. Rubani wa Gladiator akiwa nyuma yake kwa kimo kilekile hamfikii kamwe. Njia moja tu ilibaki: kupanda mapema, kungoja juu, kisha kushuka kwa kasi na kupiga kwa sekunde chache kabla adui hajapita. Kutoka Sicily hadi Malta ni kama kilomita 100 tu. Gladiator ilihitaji karibu dakika kumi kufika mita 6,000. Malta ilikuwa na kituo cha rada Dingli tangu 1939, na bila kituo hicho dakika hizo kumi zisingepatikana. Hata hivyo, onyo la rada lina maana ikiwa tu injini inawaka mara moja, mafuta yamejazwa na rashasha hazikwami.

Hapo ndipo wanapoingia mafundi, na nitakupa mfano wa pale walipokosekana.

Aprili 1940, Ujerumani ikiwa imeivamia Norway, Uingereza ilipeleka Kikosi namba 263 kikiwa na Gladiator 18 chini ya John Donaldson. Tarehe 24 Aprili ndege hizo ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege Glorious na kutua juu ya ziwa lililoganda la Lesjaskog. Wanavijiji walikuwa wamesafisha theluji kupata njia ya kurukia. Marubani walikuwa wamefunzwa kazi ya ndege za mapambano, na ndege zilikuwa nzima. Lakini mafundi waliofika walikuwa wachache mno. Ndege 18 zenye rashasha nne kila moja ni rashasha 72, na aliyefuzu kazi ya silaha kati yao alikuwa mmoja tu. Vifaa vya kuwashia injini havikuwa tayari, na mafuta yalimiminwa kwa mikono. Alfajiri ya tarehe 25 kabureta na mitambo ya usukani ilikuwa imeganda. Wakati watu wanahangaika kuwasha injini ya kwanza, Wajerumani walikuwa wameshafika. Walirudi tena na tena kutwa nzima. Ndege nyingi ziliteketea juu ya barafu, zikiwa hazijapata hata nafasi ya kupigana, na baada ya siku chache kikosi hakikuwa na ndege hata moja.

Watu wengi husimulia Lesjaskog kama ushahidi kwamba mabawa mawili yalikuwa yamepitwa na wakati. Mimi sikubali, na sababu yangu ni kile kilichofuata. Kikosi hichohicho 263 kilirudi Norway mwezi Mei, kikiwa na Gladiator nyingine za aina ileile na kiongozi yuleyule, katika uwanja wa Bardufoss karibu na Narvik. Safari hii uwanja ulikuwa umeandaliwa, maficho ya ndege yamejengwa, na mafundi wapo. Kilipigana karibu wiki mbili na kuangusha ndege nyingi za Kijerumani, mpaka amri ya kuondoka ilipotolewa. Ndege ni ileile na adui ni yuleyule. Tofauti ilikuwa chini, kwenye udongo.

Mwisho wao ulikuwa mchungu. Waliobaki walizirusha Gladiator zao hadi kwenye Glorious, na tarehe 8 Juni 1940 manowari hiyo ilizamishwa na meli za kivita za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau. Watu zaidi ya 1,500 walikufa katika Glorious na meli mbili zilizoisindikiza, Donaldson akiwa miongoni mwao.

Ni Glorious hiyohiyo iliyokuwa imeacha Malta makasha ya Sea Gladiator kabla ya kuitwa kwenda Norway. Makasha hayo yalikuwa Kalafrana, kituo cha ndege za majini kusini mwa kisiwa. Mkuu wa anga wa Malta, Forster Maynard, hakuwa na ndege hata moja ya mapambano, na Italia ilikuwa ikijiandaa hadharani. Aliwaomba wanamaji wamruhusu kuyafungua.

Malta ilikuwa kinyume kamili cha Lesjaskog. Haikuwa na marubani wa ndege za mapambano. Waliojitolea walitoka kazi nyingine kabisa: George Burges alikuwa msaidizi wa Maynard na uzoefu wake ulikuwa wa mashua za kuruka, yaani ndege kubwa zinazotua majini, na wengine walikuwa wakiendesha ndege za kukokota shabaha ili wapiga mizinga wafanye mazoezi. Lakini Kalafrana kulikuwa na karakana halisi, yenye mashine za kukereza chuma, mafundi wa jeshi la anga waliobobea na wafanyakazi raia wa Kimalta.

Hebu nikueleze kazi yao, kwa sababu ni nadra kuandikwa. Kila ndege ilikuwa na fundi wa injini na fundi wa kiunzi, na nyuma yao fundi wa silaha na wa redio. Fundi wa kiunzi alikagua mkazo wa kila waya. Waya mmoja ukilegea, bawa hupinda kidogo na ndege huvuta upande mmoja, na rubani anayepambana na usukani hawezi kulenga. Alikagua pia kitambaa. Hapa mabawa pacha yalikuwa na baraka yake: risasi nyingi zilipita kwenye kitambaa na kutokea upande wa pili bila kugusa kitu cha maana. Tundu hukatwa kingo, hubandikwa kiraka, hupakwa dawa, na baada ya kukauka ndege inaruka. Ndege yenye ngozi ya chuma huhitaji ribiti, bati na muda.

Fundi wa silaha alikuwa na mtihani mgumu zaidi. Rashasha mbili za mwilini zilipiga kupitia katikati ya rafadha inayozunguka mbele ya rubani. Mtambo maalumu, uliotumia msukumo wa mafuta ndani ya mabomba membamba, uliipa rashasha ruhusa ya kufyatua pale tu ambapo hakuna panga mbele ya mdomo wake. Kanuni hiyo ilibuniwa na George Constantinesco wakati wa Vita vya Kwanza. Hewa ikiingia kwenye bomba au marekebisho yakikosewa, rubani anaweza kuitoboa rafadha yake mwenyewe. Rashasha za chini ya mabawa hazikuwa na shida hiyo, ila zilikuwa mbali na rubani na zikikwama angani hakuna awezaye kuzigusa.

Kabla ya kuruka, rubani alitia saini daftari la ndege, lililojulikana jeshini kama Fomu 700, ambamo mafundi walikuwa wameshatia saini zao wenyewe. Naipenda sana karatasi hiyo. Ndiyo inayoonyesha kwamba ndege ilikuwa mali ya mafundi, na rubani aliiazima.

Shida kubwa ya Malta ilikuwa vipuri. Injini ziliharibika kwa kupandishwa kwa nguvu zote kila king'ora kilipolia, vumbi la viwanja liliingia kila mahali, na meli ya mizigo haikutegemewa. Ndege zilizoumia zikavunjwa ili nyingine ziishi, na ndiyo maana kuhesabu "ndege ngapi" ni kugumu: mabawa ya hii yalihamia kwenye mwili wa ile. Kisha mafundi wakapata wazo. Ndege ya mabomu ya Blenheim nayo ilitumia injini za Mercury, na kisiwani kulikuwa na akiba yake. Wakazirekebisha zikaingia kwenye Gladiator, pamoja na rafadha ya mapanga matatu ambayo pembe zake hubadilika, kitu ambacho Sea Gladiator haikuwa nacho kiwandani. Ndege iliyofanyiwa hivyo ilipanda vizuri zaidi. Kwa maoni yangu hilo ni tendo la ustadi sawa na ushindi wowote wa angani, tena lilifanyika kwenye viwanja ambavyo ndivyo Waitaliano walivyovilenga.

Siku ya kwanza, 11 Juni, mabomu yalianguka mapema asubuhi na mashambulizi yakarudiwa kutwa. Katika ngome ya St Elmo askari sita wa mizinga wa Kimalta waliuawa. Gladiator zilipanda, zikapiga, hazikuangusha. Lakini Waitaliano waliona kwamba kisiwa kina ndege. Tarehe 22 Juni Burges aliiangusha SM.79, ya kwanza kuangushwa na ndege hizo juu ya Malta. Mtu wa mashua za kuruka, ndani ya ndege iliyotolewa kashani, akaiangusha ndege yenye kasi kuliko yake! Alikuwa amepanda mapema, na injini ilikuwa imekubali.

Gharama ilikuja pia. Tarehe 16 Julai Peter Keeble aliuawa akipambana na Fiat CR.42, ndege ya Kiitaliano ya mabawa pacha. Tarehe 31 Julai Peter Hartley alitunguliwa, ndege yake ikashika moto, akaokoka na majeraha mabaya ya kuungua. CR.42 ilikuwa rika la Gladiator kwa kila hali: ilikata kona vizuri, kiunzi chake kilikuwa imara, na wepesi wa Gladiator haukuwa tena kinga.

Hurricane chache zilikuwa zimeshafika mwishoni mwa Juni, na tarehe 2 Agosti nyingine 12 ziliruka kutoka Argus, nayo manowari ya kubeba ndege. Angalia jinsi safari hiyo ilivyopangwa: vipuri vilipelekwa kwa nyambizi na mafundi kwa mashua za kuruka za Sunderland. Nadhani kuna mtu alikuwa ameikumbuka Lesjaskog. Kikosi namba 261 kikaundwa kutoka ndege hizo, na Gladiator zikawa za akiba.

Kwa kuwa unaandika kutoka pwani yetu, nigusie pia upande huu. Vita vya ndege za mabawa pacha vilifika Afrika Mashariki mwaka uleule. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilileta Kenya ndege za Hawker Fury, nazo za mabawa pacha na za zamani kuliko Gladiator, kulinda Nairobi na Mombasa. Ndege za Italia zilishambulia kaskazini, na Oktoba 1940 zikaudondoshea mabomu mji wa Malindi. Huko Ethiopia na Eritrea ndege bora ya mapambano ya Waitaliano ilikuwa CR.42 hiyohiyo, na wao walikuwa katika hali ya Malta: wamezungukwa, njia ya bahari imefungwa. Suluhisho lao lilikuwa la kushangaza. Walizifungua CR.42 vipande, wakazipakia ndani ya ndege kubwa za mizigo za SM.82, wakazirusha juu ya jangwa kutoka Libya, na mafundi wakaziunganisha upya zilipofika. Rubani wao maarufu, Mario Visintini, aliyehesabiwa ushindi wa ndege zipatazo 16, alifariki 11 Februari 1941 kwa kugonga mlima nchini Eritrea, katika hali mbaya ya hewa, akiwatafuta wenzake waliopotea. Kufikia wakati huo askari wa King's African Rifles na wenzao walikuwa wameshaanza kusonga mbele kutoka Kenya, na viwanja vya Waitaliano vikaanza kutekwa kimoja baada ya kingine. Ndege isiyo na uwanja wala karakana haina muda mrefu.

Kwa hiyo, kwa swali lako la pili: Gladiator iliweza kupigana mwaka 1940 pale ilipopata mambo matatu, yaani onyo la mapema, adui aliyekuja bila ndege za kumsindikiza zenye uwezo wa Bf 109 ya Wajerumani, na karakana hai. Malta ilikuwa nayo yote kwa wiki chache za Juni na Julai. Januari 1941 Wajerumani walipokuja Sicily na kisha kuleta Messerschmitt Bf 109, ndege yao ya mapambano ya bawa moja, hata Hurricane zilizidiwa. Gladiator isingekuwa na la kufanya.

Ukipata safari, mwili wa moja ya ndege hizo, N5520, ile inayoitwa Imani, umehifadhiwa katika makumbusho ya vita ndani ya ngome ya St Elmo, Valletta. Hauna mabawa. Keith Park, mkuu wa anga wa Malta wakati huo, aliukabidhi kwa watu wa Malta tarehe 3 Septemba 1943. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza yana mabaki ya N5628, iliyotolewa katika ziwa la Lesjaskog. Na kama unataka kuisikia Mercury ikinguruma, mkusanyiko wa ndege wa Shuttleworth, Old Warden, una Gladiator ambayo imeendelea kutunzwa ili iruke. Ningekushauri uanze na hiyo, kisha usogee karibu uangalie nyaya kati ya mabawa, mihimili, na mahali risasi zinapopita kwenye rafadha. Mengi niliyoyaandika hapa utayaona kwa macho.